Blanketi la Chui Juu ya Paa

Wafula hajawahi kuweza kutuma habari mbaya kwa maandishi. Alinitumia sauti, nami nikaisikiliza nikiwa kwenye chumba cha mashuka cha hoteli ninayofanyia kazi, simu nimeibana kati ya bega na sikio, mikono imeshika foronya. Alianza kwa kuniuliza habari za kazi, akakohoa, akauliza habari za watoto, akakohoa tena, mwisho akasema, "Dada Mwanaidi, yule mama ametuacha. Leo alfajiri. Nimeona si poa usikie kwa watu." Nikaikunja ile foronya, nikaiweka juu ya nyingine, nikachukua ya tatu. Msichana ninayemfundisha kazi aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimefiwa. Akauliza nimefiwa na nani, nikakosa neno, maana yule mama hakunizaa wala hakuwa bibi yangu, na neno "bosi" lilikataa kabisa kutoka kinywani. Nikasema, "Na mtu niliyekaa naye mwaka mmoja." Jibu lenyewe likasikika dogo mno, nikaudhika, nikamwambia msichana aendelee na kazi yake.

Mwaka huo ndio nataka kuusimulia. Mambo ya kwetu Tanga, nani alinizaa na kwa nini niliondoka, nayaacha. Kila tuliyekutana naye huku Doha ana hadithi yake ya kuondoka kwao, na zinafanana hadi zinachosha. Mimi nilipochukuliwa kutoka ofisi ya wafanyakazi wa ndani nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nina sanduku moja lenye gurudumu bovu, na aliyekuja kunipokea alikuwa Wafula, dereva, Mkenya wa Bungoma. Alinitazama kwenye kioo cha gari akasema, "Wewe ndio unaenda kukaa na Yumma? Haya. Kula ushibe kwanza." Yumma ni mama, kwa lugha ya wenyewe. Watoto wake walimwita hivyo, wajukuu walimwita hivyo, na hata muuza maziwa, mwanamume mwenye mvi, alisimama getini akaita Yumma. Nyumba yake ilikuwa Al Wukair, enzi ambazo mtaa ule ulikuwa nusu mchanga na nusu matofali ya watu wanaojenga. Mumewe alishafariki. Watoto walikuwa na nyumba zao: binti yake, Madam Hessa, alikaa Al Wakrah na alikuja kila siku kukagua, mwanawe wa kiume alikaa Umm Salal na alikuja Ijumaa kula.

Chumba cha Yumma nakikumbuka kuliko chumba nilicholala mwenyewe. Kitanda kiliwekwa pembeni kabisa ili abaki na sakafu pana ya kukaa, kwani alipenda kukaa chini, mguu mmoja kaukunja na mwingine kaunyoosha, mgongo kaupa ukuta. Mbele yake lazima kuwe na sinia la kahawa, tende, na chetezo. Udi ulifukizwa asubuhi, ukafukizwa alasiri, ukafukizwa akija mgeni na akiondoka mgeni, hadi kuta zenyewe zilikuwa na rangi ya chai. Asubuhi alikula tambi tamu zenye iliki na zafarani, juu yake zimefunikwa chapati ya yai, na siku ya kwanza nilipoonja nilisema kwa Kiarabu changu cha madrasa kwamba hizi kwetu zipo, ila yai tunakula peke yake. Alicheka hadi akakohoa. "Huyu anasema kama msahafu," alimwambia Madam Hessa. Tangu siku ile alinitaka nimsemeshe kila mara, ili acheke. Mimi nilinuna moyoni, lakini usoni nilisema ndiyo Yumma. Nilisema ndiyo Yumma kwa kila jambo. Hivyo ndivyo nilivyolelewa: mkubwa akisema, unaitika, na kama una neno unakwenda kulisemea jikoni.

Jikoni, basi, ndiko tuliposema. Wafula alikuwa na mfuko wake wa unga nyuma ya gunia la mchele, na Madam akishaondoka tulisonga ugali tukaula kwa mchuzi wa samaki uliobaki, na yeye akilalamika kwamba ugali wangu ni uji. Kutoka jikoni ungeweza kusikia kila kitu kilichosemwa kwenye chumba cha wageni, kwa sababu dirisha dogo la kupitishia vyombo halikufunga vizuri. Ndipo nilipogundua kwamba mimi sikuwa peke yangu katika kuitika. Watoto wake wote walimwitikia Yumma ndiyo chumbani, wakamwinamia na kumbusu kichwa, halafu wakaja kusimama pale chumba cha wageni, nje ya mlango wake, na kupanga mengine kabisa. Yeye aliketi ndani na udi wake, akiamini kwamba amekubaliwa. Nikimtazama wakati mwingine nilihisi anajua.

Kiangazi kile mashine ya baridi ya chumbani kwake ilikufa, mwanawe akaleta mpya. Kipande kirefu cheupe kikabandikwa ukutani, na boksi lake la nje, lenye feni, likapelekwa juu ya paa pamoja na mengine. "Hii, Yumma, inatoa baridi na inatoa joto pia," alisema kwa fahari. Yumma alimjibu kwamba joto Mungu anampa la kutosha, akauliza kama chakula kimeiva. Hakuna aliyezungumza tena habari hiyo. Joto likaisha, jioni zikaanza kuwa na ubaridi mtamu, na siku moja Yumma akamwita Wafula, akaniagiza nifungue stoo. Nilidhani tunatafuta mazulia. Kumbe ni mablanketi ya kufunika maboksi ya juu ya paa. Marehemu mumewe alikuwa akipanda mwenyewe kila mwaka baada ya joto kuisha, anayafunika na kuyafunga kamba ili vumbi na njiwa visiyaharibu, akisema yametutumikia msimu mzima, nayo yalale. Alipokufa, Yumma hakukubali desturi ile ife. Mablanketi mengine yalikuwa matambara tu, lakini moja lilikuwa zito, la rangi ya kahawia, lina picha ya chui aliyelala, na hilo alilishika mwenyewe kabla ya kumpa Wafula. Ndilo mzee alilojifunika hadi mwisho. "Hili ni la chumba changu," alisema. "Na asiliguse mtu mpaka niseme mimi." Wafula aliinamisha kichwa kama anayeapishwa, akapanda ngazi.

Baadaye, baridi ilipoanza kweli, Yumma akaugua kifua. Alilazwa, na nyumba ikawa tupu namna ambayo hadi leo siipendi kuikumbuka. Nilifuta vumbi lisilokuwepo. Aliporudi alikuwa mdogo. Sina namna nyingine ya kusema. Alirudi na mashine ya oksijeni iliyosimama karibu na kitanda ikikoroma, na mpira mwembamba uliopita masikioni kwake na kuingia puani. Nesi aliyekuja kutuelekeza alikuwa mkali, na ninamshukuru. Chumba kiwe na joto wakati wote, alisema, kifua hiki hakitastahimili baridi nyingine. Na humu ndani, ilipo mashine hii, usiingie moto. Mkaa usiingie, udi usiingie, hita yenye waya mwekundu isiingie. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini cheche ndogo ikiikuta inakuwa moto wa kumla mtu usoni. Yumma alisikiliza yote kwa adabu. Nesi alipotoka akaniambia, "Yalla, lete chetezo." Nikasema ndiyo Yumma, nikaenda jikoni, nikakaa juu ya ndoo na sikurudi mpaka alipoitisha kitu kingine. Mkaa wote nilimpa Wafula, akaufungia kwenye buti la gari.

Siku mbili tatu mambo yalikwenda. Kisha ukaja upepo wa kaskazini. Watu wa kwetu hawaniamini nikiwaambia Doha kuna baridi, lakini upepo ule unapita juu ya mchanga bila kizuizi, unaingia chini ya mlango, na sakafu ya marumaru inakuwa haikanyagiki. Ndipo tulipoikumbuka ile mashine ya joto. Madam Hessa alibonyeza rimoti, mashine ikafungua mdomo wake, ikapuliza hewa baridi moja kwa moja juu ya kichwa cha mama yake. Yumma akavuta shela. Madam akabonyeza tena na tena, hewa ikazidi kuwa baridi, akaniuliza nimeifanya nini. Nilimwambia sijaigusa. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyekesha hospitali wiki nzima, akatoka kwenda kupiga simu pale pale nje ya mlango, mahali pao pa siku zote. Nilikuwa nimeinama kuokota soksi. "Chumba kina baridi tangu juzi usiku," alimwambia kaka yake. "Njoo baada ya Magharibi. Kama hakijapata joto, tunamhamishia kwako leo hii na nyumba tunaifunga. Yule binti tutamrudisha ofisini." Akasikiliza. "Hapana, Yumma tusimwambie sasa. Tutamwambia akiwa ndani ya gari."

Nilipoinuka na soksi mkononi, Yumma alikuwa ananitazama. Mashine ya oksijeni ilikoroma, lakini si kwa sauti ya kuzuia maneno ya mlangoni. Alinipungia nisogee, akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi kama vijiko. "Dada yangu walimchukua hivyohivyo," alisema taratibu. "Walimwambia ni kwa ajili ya baridi tu. Akafa katika chumba ambacho hakujua swichi ya taa iko wapi. Mimi nataka kufa ninapopajua, wallah. Wasinitoe hapa." Hakulia. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angelia. Nikamwambia hatatoka, Yumma, neno ambalo sikuwa na mamlaka nalo hata kidogo. Ndivyo tulivyoingia katika siku ile, mimi na Wafula, na sidhani kama nimewahi kuogopa vile tena, hata nilipokuwa najifungua.

Madam aliondoka kwenda kupumzika kidogo na kuwaona watoto wake. Wafula alikwenda Al Wakrah kutafuta hita ya mafuta, ile isiyokuwa na waya mwekundu, akapita duka hadi duka, akarudi mikono mitupu na kofia imejaa mchanga. Baridi ilikuwa imewashtua watu wote, hita zote zimenunuliwa. Basi tukaikabili mashine. "Iko kwa theluji," alisema akiangalia rimoti, na kweli pale juu palikuwa na kipicha cha theluji. Akabonyeza hadi kikaja kipicha cha jua. Tulifurahi kama watoto. Ile mashine ikafunga mdomo, ikatulia, ikafungua, ikapuliza baridi. Akabadilisha betri. Akapandisha joto hadi namba ya mwisho. "Pengine imeziba," nilisema, nikapanda kiti nikafungua uso wake, nikachomoa chujio. Lilikuwa jeusi na linanata, limenyonya moshi wa udi wa miezi yote, na lilinukia vizuri mno. Nililiosha kwa sabuni ya vyombo, nikalikausha kwa mashine ya nywele, nikalirudisha. Hewa ikatoka kwa nguvu zaidi, yaani baridi ikawa nyingi zaidi. Yumma alikaa kitandani ndani ya mashuka mawili, akitutazama tunavyopanda na kushuka, midomo imeanza kubadilika rangi. Tukaizima ili angalau isimpulize.

Fundi wa kampuni iliyoiuza mashine alipatikana kwenye simu baada ya Wafula kupiga kwa ukaidi. Alikuwa juu ya ngazi nyumbani kwa mtu mwingine, ilisikika, na watu wote wa mji walikuwa wanampigia. Angeweza kuja keshokutwa. Aliuliza rimoti, tukamjibu; akauliza chujio, tukamjibu. Akauliza, "Na ile ya nje iko sawa?" Wafula akajibu kwa Kiingereza chake safi kabisa, bila kusita, kwamba ya nje iko sawa sawa, bosi, haina hata punje ya vumbi. Simu ikakatika. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, na sikuona kosa lolote katika jibu hilo. Kwetu sisi joto linatoka lilipo jiko. Boksi la juu ya paa lilikuwa la baridi, na baridi ilikuwa imekwisha muda wake, na lenyewe limelala.

Alasiri ilipoingia Wafula alisema twende juu tukague nyaya, pengine njiwa wamekata kitu. Nadhani alitaka tu tuonekane tunafanya jambo. Nilimwacha Yumma amefumba macho, nikawasha mashine ili tuone kama nyaya zinapata umeme, nikapanda. Upepo juu ya paa ulinivua mtandio. Maboksi yote yalikuwa yamejipanga chini ya mablanketi yao kama watu waliolala kwenye ukumbi wa msiba, kamba zimekazwa, mafundo ya Wafula yamenyooka. Hatukuona waya uliokatika. Nilikuwa nageuka kushuka niliposikia mngurumo mdogo, nikatazama, na tumbo la yule chui lilikuwa limeingia ndani. Blanketi lilikuwa linavutwa. Likakaa hivyo kidogo, likatetemeka, kisha mngurumo ukakatika na blanketi likalegea. Baada ya muda likavutwa tena. Nikamkumbuka Yumma siku aliyopelekwa hospitali, jinsi nguo ilivyokuwa inaingia na kutoka kifuani kwake bila hewa kufika. "Kaka Wafula," nilisema, "hii kitu haipumui."

Alikuja akaweka kiganja. Alikaa nacho hapo muda, uso wake ukibadilika. "Lakini joto linatoka ndani," alisema, bila nguvu. Kisha, "Mungu wangu. Na nimemwambia yule fundi iko sawa." Nilishika kamba. Akanishika mkono. "Hapana. Hiyo mimi siigusi. Yule mama aliniambia hapa mbele yako, asiguse mtu mpaka aseme yeye. Hiyo ni blanketi ya mzee wake. Ukiitoa bila yeye kusema, hata joto likija, atajua, na hatatuangalia tena." Nilikasirika, nikamwambia mama wa watu anahamishwa na yeye anazungumzia blanketi. "Sasa si uende umuulize?" alinijibu. "Iko hapo chini, si Bungoma." Alikuwa na haki. Nikashuka mbio.

Yumma hakuwa amelala. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu iko chini kwenye marumaru, mpira wa oksijeni puani, na magotini ameshika chetezo. Sikujua ana akiba: kidonge cheusi cha mkaa wa udi, ule unaoshika moto kwa kugusa kiberiti, alikuwa amekificha kwenye mfuko wa dawa. Kiberiti cha gesi kilikuwa mkononi. Alikuwa anabonyeza, kidole kinateleza kwa udhaifu, anabonyeza tena, na mashine pembeni yake ikikoroma na kumpelekea ile oksijeni nesi aliyotuonya nayo. Nilisema, "Yumma, weka." Hakuinua hata macho. "Nitakipa chumba changu joto mwenyewe," alisema, akabonyeza, na safari hii kiberiti kikawaka.

Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka sauti yangu, na sauti ile sikuwahi kuitoa mbele ya mtu mzima maishani mwangu. "Weka chini! Unataka kufa wewe?" Nilisema kwa Kiswahili, tena cha uwanjani kabisa, nikampokonya kiberiti na chetezo kwa pamoja. Kidonge kilikuwa kimeshaanza kutoa cheche upande mmoja. Nilikimbia nacho hadi bafuni nikakitumbukiza kwenye ndoo, na mwili wa kile chetezo ukaniunguza kiganja. Alama ipo, wasichana wa hoteli wanadhani ni ya pasi. Niliporudi nikakaa sakafuni mbele yake bila kuombwa nikae. Nilijua nimekwisha. Mfanyakazi amempigia kelele mwenye nyumba, amempokonya kitu mkononi. Hata kwetu, hata kwa shangazi yangu mwenyewe, ningefungashiwa.

Yumma alinitazama. Shela lilikuwa limemwangukia begani na mvi zake zilikuwa wazi. "Umenifokea," alisema. Nikasema ndiyo, Yumma. Ilikuwa ndiyo ya kweli ya kwanza niliyompa, na sikuongeza samahani, kwa sababu sikuwa nayo. Nikamwambia yote kwa Kiarabu changu cha kitabu: kwamba boksi la juu linataka hewa ili lilete joto, kwamba lile blanketi linaliziba, kwamba Wafula amegoma kuligusa, kwamba mwanawe yuko njiani. Upepo ulipiga dirisha. Aliangalia ule ukuta aliokuwa akiegemea na mumewe, najua kwa sababu palikuwa na alama mbili za migongo, yake na nyingine iliyofifia. "Alikuwa anasikia baridi miguuni," alisema, kama anayenipa maelekezo ya mgonjwa. Kisha, "Lilete huku. Lisiburutwe."

Wafula alilishusha mikononi kama mtoto. Tulilikung'uta uani, tukamfunika nalo miguu, na chui yule aliyepauka akakaa magotini kwake. Tukazima mashine ya joto kwenye swichi yake ya ukutani, tukawasha tena, nikaweka kipicha cha jua. Mashine ikafunga mdomo. Haikupuliza baridi wala joto. Ilikaa kimya kabisa, taa moja tu inawaka, na sisi watatu tukaitazama. Wafula alisema labda sasa ndio tumeiua. Nje gari lilisimama, milango ikafungwa, na sauti ya Madam ikasikika ikimwambia kaka yake aingie taratibu.

Waliingia pamoja, wakambusu kichwa, na mwanawe alisimama katikati ya chumba akiwa na mikono mfukoni. "Yumma," alisema, "tunatoka kidogo." Madam alishaanza kukusanya dawa mezani na kuzitia kwenye mkoba, alikuwa analia na hakutaka aonekane, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye anaogopa, kwamba hakuna ubaya wowote aliokuwa anautaka. Yumma alishika blanketi kwa mikono miwili. Wafula alisimama mlangoni na kofia kifuani. Mimi nilitaka kusema subirini, na nilishatumia ujasiri wote niliokuwa nao siku ile. Mwanawe aliinama kumwinua. Hapo ule mdomo mweupe ukutani ukafunguka wenyewe, polepole, ukatoa harufu ya vumbi lililoungua na udi wa zamani, na baada ya harufu likaja joto. Lilimfikia Madam kwanza. Alisimama na chupa ya dawa mkononi, akainua uso, akafumba macho.

Mwanawe alinyoosha mkono juu, akaugeuza huku na huku kwenye ile hewa, kisha akaanza kutafuta mahali pa kukaa. Yumma alisubiri. Alisubiri hadi wote wawili wamekaa sakafuni mbele yake, hadi nimeleta kahawa, hadi midomo yake imerudi rangi. Halafu akaniambia, kwa sauti ya mwenye nyumba, "Punguza, ya bint. Mnataka kunichoma?" Wafula alitoka haraka. Nilimsikia jikoni akicheka na kujifuta pua.

Mwaka ule ulipoisha nilipata kazi hotelini, na Yumma aliniruhusu kwa kununa. Kile kisa cha kiberiti hakunitajia kamwe, nami sikukitaja. Sikukuu nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi, na kila baridi ilipoingia blanketi la chui lilikuwa miguuni kwake na boksi lake juu ya paa liko wazi. Alikaa katika nyumba ile miaka mingi kuliko daktari yeyote alivyotarajia. Nikawa mtu wa kusema hapana. Niliwaambia mameneja hapana, nikamwambia mume wangu hapana pale ilipobidi, na kila mara neno hilo lilipotoka nilihisi kile chetezo kiganjani.

Siku ya pili ya msiba nilikwenda Al Wukair. Mtaa umejaa, mchanga haupo. Wanawake walikuwa wamekaa kimya, kahawa chungu inapita, na Madam Hessa, ambaye sasa ndiye mwenye mvi, aliniona mlangoni akainuka, akanishika mkono hadi chumbani kwa mama yake. Mashine ya ukutani ilikuwa nyingine, mahali palepale, imezimwa. Tulikaa sakafuni. "Alikuwa akisimulia habari yako," alisema. "Miaka yote. Alisema tangu baba afe hakuna aliyethubutu kumfokea. Sote tunamwambia ndiyo, Yumma, halafu tunakwenda kusemea mlangoni. Alisema, 'Siku yule binti aliponipigia kelele, nikajua bado nipo.'" Nililia pale sakafuni, wazi, kwa sauti, na Madam akanishika kichwa, na sikuona haya hata kidogo.

Nilipotoka, Wafula alikuwa uani kando ya gari. Bado ni dereva wa nyumba ile, ingawa sasa anavaa miwani. Tulisimama tukiangalia viatu vya wageni. Nilimuuliza blanketi liko wapi, nikihofia jibu. "Vitu vyake vyote vinatolewa sadaka," alisema. "Hiyo moja nikamwomba Madam. Jana jioni nikapanda juu, nikaifunika ile mashine ya chumba chake. Sasa hakuna mtu wa kupashwa joto." Niliinua macho. Ukingoni mwa paa ilionekana pembe ya kahawia, imepauka hadi chui hajulikani tena, na upepo wa kaskazini ulikuwa unaichezea.

"Kamba umekaza?" nikamuuliza.

"Nimekaza," akasema.